Anayekupatanisha na mwenye kukudai: je, bei yake ni ya haki?



Katika mikutano tunayofanya na vikundi vyenu, kuna neno moja linalorudi sana mavuno yakikaribia: deni. Na siku hizi, pembeni ya deni kuna mtu wa tatu. Si yule aliyekukopesha, wala si wewe uliyekopa. Ni yule anayekuja mlangoni na kusema: "Niachie mimi, nitaenda kuongea nao." Katika namba hii tumetaka kuongea juu ya mtu huyo, na zaidi juu ya pesa anayoomba. Anaomba ngapi? Anaihesabu namna gani? Na ukimaliza kumlipa, wewe mkulima umebaki na nini?

MAMA MMOJA NA DOLA 400

Hadithi hii hatukuitoa kwa mtu mmoja. Tumeiunga na mambo yanayosemwa katika vijiji vingi, vya kando ya ziwa na vya milimani. Hesabu tumezifanya nyepesi ili kila mtu azifuate. Ukijiona ndani yake, ujue hauko peke yako.

Mama ana shamba la muhogo na maharagi. Alikopa katika mikrofinansi moja ya mjini, akanunua mbegu, akalipa watu wa kulima, kidogo ikaenda kwa minervali ya watoto. Mvua ikapiga sana wakati maharagi yanatoa maua. Mavuno yakawa nusu ya yale aliyoyategemea. Siku ya kulipa ikafika, ikapita. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Deni lililobaki likawa dola 400: dola 320 za mtaji, dola 30 za intere, na dola 50 za penalite ya kuchelewa.

Ajenti wa kredi alikuja na pikipiki mara mbili. Mara ya pili majirani wote walitoka kuangalia. Mama akaona haya, akaanza kwenda shambani kupitia njia ya nyuma. Njo hapo jirani mmoja alimuonyesha bwana fulani, mtu wa kuvaa vizuri, mwenye sakoshi, anayejua Kifaransa. Bwana akamwambia: "Mama, usiogope. Bale batu ninabajua. Unipatie tu kwanza ya kuanzia."

Bei yake ilikuwa 20 kwa mia ya deni lote. Ni dola 80. Nusu alitaka mbele, dola 40. Kisha akaongeza dola 15 za transpoti na makaratasi. Mama akauza mbuzi na kuku wawili, akatoa dola 55 siku ile ile.

Bwana alienda mjini mara moja tu. Akarudi na habari nzuri: mikrofinansi imekubali kuondoa penalite, dola 50, na dola 350 zinazobaki zitalipwa kwa miezi 7, dola 50 kila mwezi. Mama alifurahi, akamaliza kumlipa zile dola 40 zilizobaki. Kisha jioni binti yake aliye sekondari akachukua kalamu.

Mama alipunguziwa dola 50. Bwana alichukua dola 95. Deni la 400 likageuka kuwa 350 kwa mikrofinansi na 95 kwa bwana, jumla 445. Mama alitafuta msaada wa kupunguza deni, na deni likapanda kwa dola 45.

Tuseme pia ukweli wa upande mwingine: Mama alipata muda wa miezi 7, na muda kwa mkulima ni kitu kikubwa. Mwenye kulipishwa yote kwa siku moja anaweza kuuza shamba. Lakini mwezi uliofuata, Mama alipoenda yeye mwenyewe kwenye kaisi kulipa dola 50 za kwanza, ajenti alimwambia: "Mama, ungekuja weye mwenyewe, tungekupangia vile vile." Muda ule alioununua kwa mbuzi ulikuwa wa bure kwa mtu anayekuja kuuomba.

WATU WENYEWE NI AKINA NANI?

Kabla ya kuhukumu bei, tutenganishe watu, sababu wote hawafanye kazi moja.

Kuna komisioneri, kama yule bwana. Hana ofisi, anaishi kwa kuunganisha watu. Kuna mkusanyaji, ambaye mwenye kudai amemtuma. Huyo anafanya kazi ya mwenye kudai, hata akiongea kwa upole. Kuna avoka au mteteaji mbele ya mahakama, ambaye ana sheria ya kazi yake. Kuna chefu wa kijiji au mzee anayekaa katikati. Kuna pia mtu wa polisi anayeitwa na mwenye kudai "kusaidia". Na mwisho kuna sisi wenyewe: komite ya kredi ya ushirika au ya AVEC, inayopita nyumba kwa nyumba.

Wote hao kuna siku wanaomba pesa. Swali la kwanza la kuuliza, kabla ya ile bei, ni hili: huyu anafanya kazi ya nani? Mtu hawezi kuchukua kamisheni kwa mwenye kudai, kisha akachukua nyingine kwa mwenye deni, halafu akasema anatetea wote wawili. Akikula pande zote mbili, ujue kuna upande mmoja anaouuza, na mara nyingi ni upande wa mwenye nguvu kidogo.

NAMNA TATU ZA KUHESABU BEI

Turudie deni lile lile la dola 400, na punguzo lile lile la dola 50. Tuangalie vile bei inageuka kufuatana na hesabu.

Namna ya kwanza: juu ya deni lote. 20 kwa mia ya 400 ni dola 80. Anazipata hata kama hakupunguza kitu. Na kuna ubaya mwingine umejificha hapa: penalite zikiongezeka, deni linapanda, na kamisheni yake nayo inapanda. Kuchelewa kwako ni faida yake.

Namna ya pili: juu ya kile kilichopunguzwa. 20 kwa mia ya 50 ni dola 10. Hapa akishindwa kupunguza, hapati kitu. Hii ina haki zaidi, lakini iangalie vizuri. Kuna watu wanasema deni lilikuwa 500 wakati lilikuwa 400, ili punguzo lionekane kubwa. Kwa hiyo hesabu ya kuanzia iwe karatasi ya mwenye kudai, si mdomo wa komisioneri. Tena namna hii hailipe kazi ya kuomba muda, na muda njo unaotafutwa na wakulima wengi kuliko punguzo.

Namna ya tatu: bei moja ya kazi moja. Kusoma kontra na kuieleza, kuandika barua, kukusindikiza siku moja kwenye ofisi. Mnapatana, tuseme, dola 10 au 15, na kazi ikiisha imeisha. Kwa deni ndogo za wakulima, sisi tunaona hii ndiyo inayoeleweka vizuri kuliko zote. Unajua unanunua nini, na unajua siku utakapomaliza kulipa.

Angalia tena: 80, 10, 15. Kazi ni ile ile, safari ni moja, ofisi ni moja. Kilichobadilika ni hesabu tu. Njo maana mtu akikuambia "ni 20 kwa mia tu", usiitike mbele ya kuuliza: 20 kwa mia ya nini?

PESA YA MBELE

Watu wengi wanatuambia kwamba shida kubwa si kiasi, ni wakati. Pesa inatoka leo, kazi itafanyika siku moja. Mwenye kulipwa mbele hana tena sababu ya kukimbia. Akienda, akirudi na neno "wamekataa", wewe utafanya nini? Huna risiti, huna shahidi, na una haya ya kusema mbele ya watu kwamba una deni.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani kuna makampuni mazima yanayofanya kazi hiyo, kupatana na mabanki kwa ajili ya watu wenye madeni. Malalamiko yakawa mengi: watu walilipa mbele, wakaambiwa waache kulipa banki, na mwisho deni halikupunguka. Mwaka 2010 serikali yao ikatoa kanuni kwa makampuni yanayotafuta wateja kwa simu: hakuna kupokea malipo mpaka hata deni moja liwe limepatanishwa, mteja amekubali, na ameanza kulilipa. Bei yenyewe inapaswa kuendana na ukubwa wa deni lile lililopatanishwa kati ya madeni yote ya mteja, ao iwe sehemu ya kile kilichopunguzwa. Na pesa mteja anayoweka akiba ili kulipa deni inabaki mali yake. Anaweza kuitoa wakati anapotaka.

Hatusemi tuige kila kitu cha ng'ambo. Lakini mawazo hayo matatu yanaingia vizuri hata kijijini: kazi kwanza, malipo kisha, bei ifuate kazi iliyofanyika, na pesa ya mkulima ibaki ya mkulima mpaka ifike kwa mwenye kudai.

Msaidizi anaweza kuomba transpoti mbele, na hiyo tunaielewa, sababu pikipiki haiendi na mate. Basi mpe ya safari moja, kwa bei ya safari inayojulikana na kila mtu pale kijijini. Ao panda naye mwende pamoja. Hii ya pili ni nzuri zaidi.

PESA YA DENI ISIPITE KWA MIKONO YA WATU

Hapa tunaomba mtusikilize sana. Kuna wasaidizi wanaosema: "Unilipe mimi kila mwezi, mimi nitapeleka." Mkulima anatoa dola 30, anatoa 30 tena, anatoa 30 nyingine. Kwenye kaisi ya mikrofinansi zimefika 40 tu, ao hakuna kilichofika. Penalite zinaendelea kutembea. Siku ajenti anapokuja, mkulima anaapa kwamba amelipa, na kweli amelipa, lakini si pale deni lilipo.

Njia ni moja: lipa wewe mwenyewe kwenye kaisi, ama kwa simu kwenye namba rasmi ya wale wanaokudai. Risiti ya karatasi uiweke ndani ya sashe, mbali na mvua na panya. Ujumbe wa simu usiufute; andika namba yake kwenye kaye. Na kama ulikopa kwa dola lakini unalipa kwa franga za Kongo, uliza siku hiyo wanahesabu dola kwa franga ngapi, na ulinganishe na bei ya soko. Pale pia kuna bei iliyofichwa, na ikirudi kila mwezi inafika mbali.

POLISI SI KAISI YA KUKUSANYA MADENI

Wengi wenu mmeona jambo hili. Mwenye kudai anachoka, anaenda kutafuta mtu wa sheria mwenye kofia. Konvokasio inafika. Mkulima analala ndani usiku mmoja. Asubuhi familia inatafuta pesa: kidogo ya deni, kidogo ya "makaratasi", kidogo ya "kutoka". Mwenye kudai naye anakatwa kamisheni juu ya kile kilichopatikana. Deni la dola 100 linaweza kula 150 za familia, na bado likabaki.

Sheria inasema nini? Kukosa kulipa deni la mkopo ni jambo la sivili, si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa juu ya haki za raia na za kisiasa, ambao inchi yetu iliuingia mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba hakuna mtu anayefungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza kile alichoahidi ndani ya kontra. Ni jambo lingine kama mtu alidanganya tangu mwanzo ili apate pesa, ama alipewa mali ya kutunza akaila. Hayo ni makosa na yana azabu yake. Lakini mvua iliyoharibu maharagi si utapeli.

Ukiitwa, usikimbie. Nenda, na usiende peke yako. Beba kontra na risiti zako, na useme kwa heshima: "Hii ni deni, ninaikubali, nimelipa hizi, zimebaki hizi, na mwenye kunidai anajua." Pesa yoyote wanayoomba, omba karatasi yenye kuonyesha ni ya nini.

SHERIA YA OHADA INATULINDA WAPI?

Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012. Ni muungano wa inchi za Afrika wenye sheria moja juu ya biashara, na kati ya sheria hizo kuna moja juu ya kukusanya madeni. Iliandikwa upya Kinshasa, mwezi wa 10 mwaka 2023. Mambo matatu mkulima ayaweke kichwani.

La kwanza: ukimtumia mtu kukusanya deni wakati bado huna karatasi ya mahakama inayokupa nguvu ya kukamata mali, gharama ya mtu huyo ni yako wewe unayedai, isipokuwa kwa tendo ambalo sheria yenyewe imeliomba. Si ya mwenye deni. Hata kontra ikisema mwenye deni atalipa, neno hilo linahesabiwa kama halikuandikwa. Lakini tusichanganye: penalite ya kuchelewa uliyotia sahihi ni jambo lingine. Tunaongea juu ya "pesa ya mguu" ya mkusanyaji.

La pili: kesi ikifika mwisho na mahakama ikaamuru mali ikamatwe, hapo gharama zinageuka kuwa juu ya mwenye deni, isipokuwa zile zinazoonekana wazi kwamba hazikuwa za lazima. Kwa hiyo kujificha mpaka mahakama si ujanja.

La tatu: kifungu cha 39 kinampa mwamuzi nguvu ya kusogeza malipo mbele ao kuyagawanya, kufuatana na hali ya mwenye deni na mahitaji ya mwenye kudai, lakini isipite mwaka mmoja. Kuna madeni machache ambayo hayaingie humo, kama yale ya kulisha jamaa. Mwaka mmoja kwa mkulima ni misimu miwili, A na B. Mtu anaweza kuinuka.

Kwa kuuliza hayo yote si lazima uuze mbuzi. Kwenye baro za maavoka kuna ofisi ya ushauri wa bure, na katika teritware nyingi kuna maparajiriste wanaosaidia wananchi bila kulipisha. Anzeni pale.

TUJIANGALIE NA SISI WENYEWE

Haingekuwa vizuri tuseme komisioneri tu na kunyamaza juu ya nyumba yetu. Vyama vya ushirika vingi vinakopesha mbegu, mbolea, ama pesa kidogo mbele ya mavuno. Memba akichelewa, komite inatoka. Watu watatu, kila safari dola 5 za "transpoti ya komite", inayoandikwa juu ya mwenye deni.

Tufanye hesabu. Memba alichukua mbegu na mbolea za dola 60. Komite imefika kwake mara mbili. Dola 10. Ni sehemu moja kwa sita ya deni lote, kwa kupigiwa hodi mara mbili. Mara nyingine wanamemba watatu wenye deni wanakaa kijiji kimoja, komite inaenda siku moja, lakini kila mmoja analipishwa safari nzima. Hiyo, ndugu, si transpoti tena.

Tuulize: bei hiyo imeandikwa wapi? Mkutano mkuu uliipigia kura? Iko ndani ya kanuni za ndani? Memba aliijua siku alipokopa? Kama jibu ni hapana, basi sisi pia tunafanya kama yule bwana wa sakoshi, tofauti ni kwamba tunavaa kofia ya ushirika.

Lakini tusikilize pia upande wa komite. Pesa ya COOPEC, ya AVEC ao ya ushirika si ya banki ya mbali. Ni akiba ya jirani yako. Asiyelipa anakula mbegu ya mjane aliyeweka franga zake kila juma. Na wanakomite wanaacha mashamba yao kwenda kumtafuta mtu anayejificha. Kazi hiyo iko na gharama ya kweli, na lazima itoke pahali. Tunaona njia hizi zinaweza kusaidia:

– Gharama ya kufuatilia madeni itoke katika faida ya intere ya kikundi, na mkutano mkuu upange kiasi kisichopitwa kwa mwaka.

– Kumbusho la kwanza liwe la bure: simu, ao tangazo siku ya mkutano bila kutaja majina.

– Malipo yakatwe siku ya kupima mazao kwenye depo, kwa kiasi kilichoandikwa mbele, ili asiwepo mtu wa kutembea.

– Memba aliyepatwa na ugonjwa, kifo ao vita, kaisi ya mshikamano imwangalie mbele ya penalite kumwangalia.

BEI YA HAKI IKO, NA KAZI NZURI ILIPWE

Hatutaki msome haya na kufikiri kila msaidizi ni mwizi. Kuna mtu anayesoma kontra ya Kifaransa ya kurasa 6 na kukuonyesha kwamba intere imehesabiwa mara mbili. Kuna anayekaa siku nzima ofisini mpaka mkubwa amsikilize. Kuna avoka anayesimamisha uuzaji wa shamba lililokamatwa vibaya. Kazi hiyo ina thamani, na mwenye kuifanya naye ana watoto. Mkulima hapendi kupangiwa bei ya muhogo na mtu asiyejua jasho lake. Basi na sisi tusidharau jasho la mwenzetu.

Ila haki ina alama zake. Mtu wa haki anataja bei yote siku ya kwanza, na haiongezeke njiani. Anakubali kuiandika. Anapokea kisha kazi kuonekana. Hashike pesa ya deni lako. Na anakuambia ukweli hata ukimkosesha kazi: "Mama, hili unaweza kuliomba weye mwenyewe, bure." Ukimpata mtu wa namna hiyo, mtunze.

KABLA YA KUMTAFUTA MTU, FANYA HIVI

1. Omba kwa mwenye kukudai karatasi ya deni lako: mtaji, intere, penalite, kila kimoja mbali. Mwenye kujua namba zake haogopi haraka.

2. Nenda mbele ya tarehe ya kulipa, si kisha. Mwenye kuja mbele anasikilizwa kama mtu mwenye shida. Mwenye kutafutwa anasikilizwa kama mkimbizi wa deni.

3. Ingia na pendekezo mkononi. Usiseme "munisaidie" tu. Sema: "Muhogo wangu unatoka mwezi wa 6. Nitalipa 20 kila mwezi mpaka pale, kisha 150 kwa mara moja." Malipo yafuate mavuno.

4. Beba kitu kidogo siku hiyo hiyo, hata dola 10. Inaonyesha kwamba hukukuja kucheza.

5. Enda na mtu mmoja wa ushirika anayejua kusoma. Mlipie transpoti na chakula. Mara nyingi ndiyo kamisheni yote mtakayohitaji.

6. Mkipatana, iandikwe, itiwe sahihi na pande zote mbili, na ubaki na kopi yako.

7. Usikope kwa wale wanaoitwa Banki Lambert ili kulipa mikrofinansi. Intere ya mwezi mmoja pale inaweza kupita ile ya msimu mzima huku. Ni kutoka kwenye moshi na kuingia kwenye moto.

NA KAMA UNAMTAFUTA, MUULIZE HAYA

Unafanya kazi ya nani, na mwenye kunidai anakulipa pia? Bei yako ni ya nini: ya deni lote, ya punguzo, ao ya kazi? Transpoti na makaratasi yako ndani ya bei, ao yako pembeni? Ukishindwa kupunguza, ninakulipa nini? Utakubali tuandike mbele ya shahidi? Nitalipa deni mimi mwenyewe kwenye kaisi, sivyo?

Kisha uliza swali la mwisho, hili uliulize kichwa chako: nikijumlisha deni jipya na bei yake, ni chini ya deni la zamani? Kama si chini, unanunua muda. Basi angalia kama muda huo hauwezi kuupata bila kulipa.

KAZI YA MKUTANO WENU UJAO

Wazee wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga yenyewe hayakatazike, lakini hakuna sababu ya kumlipa mtu wa kuja kulia.

Tunaomba kila kikundi kichukue nusu saa katika mkutano ujao. Someni kwa sauti hesabu ya dola 400, ili hata wasiojua kusoma waifuate. Kisha chagueni watu wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, watakaowasindikiza wanamemba kwa wanaowadai. Pangeni bei yao pamoja: transpoti ya kweli na chakula cha siku, basi. Iandikeni kwenye kaye ya kikundi. Na hapo hapo komite ya kredi isome mbele ya wote pesa yote inayowalipisha wanamemba, hata ile ndogo ambayo haikuandikwa popote. Ile isiyoweza kusomwa mbele ya watu, iondolewe.

Tunawatakia msimu mzuri na mavuno ya kutosha kulipa, kula na kubakiza mbegu.